Nilivyoimaliza Betri ya Salim

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, hakuna upepo. Leo ni siku ya tisini na nane ya eda yangu na moyo hautulii hata kidogo.

Gari la Salim limekataa kuwaka, na kosa ni langu.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza, Salim ni marehemu mume wangu. Aliendesha malori ya watu kwa miaka mingi pale Shimanzi. Alipostaafu akanunua basi dogo kuukuu lililokuwa la hoteli, akang'oa viti na kuligeuza nyumba. Lina kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo, na mapazia niliyoshona mimi. Vichochoro vyetu vya Mji wa Kale havipitishi gari la namna ile, kwa hiyo hukaa Mbaraki, kwenye uwanja wa rafiki yake.

Hatukuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Safari ya kwanza ilikuwa iwe ya kwenda kwao, Msambweni. Yeye akatangulia, akazikwa huko, na mimi kaburi lake sijaliona bado.

Siku nitakayotoka eda nataka kwenda kwa gari hilo. Shemeji Athumani, mdogo wake Salim, ndiye atakayeendesha. Nitalala humo usiku mmoja, karibu na alipolazwa yeye. Baada ya hapo warithi wakitaka kuliuza, waliuze.

Kwa hiyo hofu yangu yote imehamia kwenye betri. Kwenda Msambweni ni lazima tuvuke Likoni, na ndani ya feri dereva huzima injini. Betri ikiwa dhaifu, feri itafika ng'ambo na sisi tumekwama pale pale, magari yote ya nyuma yakitupigia honi, na mimi nimekaa ndani na buibui langu sijui nitazame wapi. Picha hiyo nimeiona kichwani mara nyingi mno wiki hii.

Tangu mwanzo wa eda nilimwomba Athumani aliwashe gari kila siku, dakika tano. Nilimwambia ni kwa ajili ya betri. Yeye anafanya kazi kwenye ghala Shimanzi. Saa yake ya chakula cha mchana hupanda tuktuk mpaka Mbaraki, hunipigia, huiweka simu kando ya sinki, kisha huwasha. Nasikia injini. Nasikia kijiko kinavyotetemeka ndani ya kikombe cha bati alichokiacha Salim, ambacho nimekataza kisiguswe.

Haikuwa kwa ajili ya betri.

Jana simu ililia kama kawaida, nikasikia "tik." Akajaribu tena. "Tik." Basi. Hofu ikanipanda, nikamwambia Athumani maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia ameacha taa zikiwaka. Nilimwambia Salim asingefanya uzembe kama huo. Akajibu, "Sawa, shemeji," akakata simu.

Nilidhani leo hatapiga.

Alipiga. Bila kuagizwa na mtu alikuwa amemleta fundi wa umeme wa magari, Fundi Mwero, na simu ameiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Fundi alipima akasema betri imeshuka chini kabisa.

"Ebu nambie," akamuuliza Athumani, "mwaitunza vipi hii?"

"Naliwasha kila siku. Dakika tano."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Dakika tano! Na ndevu zako hizo! Wewe wamwamsha mgonjwa kila siku umuulize kama amelala vizuri!"

Akaeleza. Kuwasha injini kunachukua nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, na gari likisimama pale likinguruma dakika tano hazirudishi kilichochukuliwa. Kila siku unatoa kingi, unarudisha kidogo. Na ile taa ndogo nyekundu ya king'ora cha wizi nayo inakula, polepole, mchana na usiku.

Athumani akauliza, je, ile sola aliyoifunga Salim juu ya paa?

"Ile yalisha betri ya ndani tu, ya taa na feni. Hii ya kuwashia haipati kitu. Abiria wameshiba, dereva ana njaa. Nani aliyekufundisha kuweka gari hivi?"

"Kosa langu, fundi," akasema Athumani.

Nami nilinyamaza.

Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitajisamehe haraka. Nilisikia shemeji yangu akichekwa kwa jambo nililomtuma mimi, siku moja baada ya kumtukana, na kwa kitambo nikaona ni nafuu. Fundi hanijui. Ningekaa kimya tu na mambo yangepita.

Halafu fundi akaanza tena, "Mtu mzima kama wewe..." nikashindwa.

"Fundi," nikasema, "ni mimi niliyemtuma. Gari ni la marehemu mume wangu. Nilikuwa nataka kulisikia."

Nikasikia akiweka chombo chake chini.

"Pole, mama," akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Sikujua."

Athumani akauliza kama tununue betri mpya. Fundi akasema hii haina hata mwaka, na hiyo mpya nayo mtaiua vilevile mkifuata mtindo huu. Ataichukua aende kuichaji taratibu kwenye karakana yake, airudishe Jumamosi. Kama itashika chaji, ataifunga, lakini waya mmoja atauacha nje ili isiliwe na king'ora. Kila baada ya wiki mbili waya urudishwe, gari liende barabarani nusu saa nzima au zaidi, kisha waya utolewe tena. Katikati ya hapo lisiwashwe.

"Hata mara moja?" nikauliza.

"Hata mara moja, mama. Liacheni lilale."

Nilisikia spana, kisha Fundi Mwero akiguna kwa uzito wa betri, kisha pikipiki ikiondoka nayo.

Athumani alibaki kwenye simu. Akasema Jumamosi, likiwaka, anaweza kunirekodia sauti yake niwe nasikiliza nitakapo. Nilimshukuru nikakataa. Sauti ya juzi itaniambia nini? Nilikuwa nataka kujua kwamba leo liko hai.

Nikamwomba radhi kwa maneno ya jana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri lakini yalitoka vipande vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mimi nami nilikuwa nakaa hapo kwenye usukani nikimsikiliza kaka. Wadhani nilikuwa nakuja kwa ajili yako tu?"

Siku tisini na kitu nilimwona Athumani kuwa mwenye funguo. Sikuwahi kumuuliza analala vipi, anakula nini, kwani saa yake ya chakula nilikuwa naila mimi. Amefiwa na kaka yake wa pekee, na mimi nimemfanya mlinzi wa gari.

Nikamwambia, kesho nenda ukale. Baada ya swala ya Ijumaa, kama una nafasi, nipigie, hata kama hakuna injini ya kusikiliza.

"Nitapiga," akasema.

Betri sijui kama itapona. Jumamosi naiogopa. Lakini kesho mchana simu italia na itabidi tuzungumze, mimi na Athumani, bila kitu kinachonguruma katikati yetu. Nitaanza kwa kumuuliza nini?