Mashini ya Papa na shamba la Mama Riziki

Jumatano, Sake. Mvua tangu asubui. Batiri ingali na umeme wa jana, basi nimefanya kazi.

Niandike bila kujificha: juma mbili nzima nimemfikiria marehemu Papa, baba yangu, kuwa mwongo.

Papa alikuwa mwalimu kule Burungu. Watu wakigawana mashamba, njo yeye aliyeitwa kupima, na kamba yake na mashini ndogo ya kuhesabu. Aliandika kila kitu mu kaye, daftari lake. Shamba la Mama Riziki: 48 + 36 × 50 ÷ 2, mita za mraba 2100. Mwezi uliopita jirani yake, Papa Musafiri, akafinya hesabu ile ile kwa telefone, mbele ya watu wote kiisha misa. 948! "Mashini haiongopi," akasema. Sasa anadai zaidi ya nusu ya shamba iwe yake, na maharagi ingali ndani.

Mashini ya Papa ilioza zamani. Nikasema, miye si nilisoma elektroniki? Nitatengeneza upya ubongo wake ndani ya puce ya kisasa, kile kipande kidogo cha elektroniki, ile unaipanga na ordinatere, kompyuta, mpaka inafanya kazi ya puce yoyote unayotaka. Nikaipanga. Ikatoa 948.

Ah, Papa!

 Mama yangu akiuliza, ninasema kazi haijaisha.

Leo nimerudia michoro ya ile puce ya zamani ya mashini ya Papa, polepole. Masikini, haina hata nafasi ya kuweka hesabu ingoje. Ukifinya alama, inamaliza kwanza yote uliyoipa, kisha inaendelea. Kanuni ya masomo, ile ya kuzidisha kwanza, ambayo hata telefone inaifuata, ni miye niliyeiongeza, kwa kujifanya najua sana. Papa alijumlisha pande mbili, 48 na 36, akazidisha na urefu, 50, akagawa na mbili. Shamba lenye pande zisizolingana linapimwa vile.

Nikaondoa kanuni yangu. 2100.

Nimecheka peke yangu kama mupumbavu, kisha nikalia.

Kesho ninapanda Burungu. Papa Musafiri atafinya mashini hii mwenyewe, na kidole chake, watu wakiona. Mama Riziki atavuna maharagi yake.

Wakati wa kula sombe nimemuambia Mama kwamba Papa alipima vizuri. Hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo najua. Sasa wewe, siku zote hizi ulikuwa unatafuta nini?"