Kompyuta Imeniona

Jumanne, Tunduma

Kumbe kompyuta mpya ya mume wangu, Baba Neema, inapiga picha kila kinachopita kwenye kioo chake na kuzihifadhi. Leo mchana natafuta hati ya mzigo, nikakuta maongezi yake na Mwila, yule mwanamke wakala wa forodha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Mapenzi hamna, ni malori tu. Lakini kila asubuhi anamsalimia, "Muli shani, mukwai," yaani hujambo mama, Kibemba kinamtiririka! Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kumsalimia mama yangu kule Ihanda kwa Kinyiha chetu hata mara moja.

Nikafungua picha ya Mwila. Nikaikuza. Nikairudia tena na tena.

Kesho mume wangu akitafuta hati ileile, atakuta wivu wangu wote umepigwa picha. Na sijui zinafutwaje.