Abigaïl Njo Anabebaka Maneno

Kazi moja, 2/6/2025

Basi, iko kifua. TB. Adrien, infirmier wa ku santé, kituo yetu ya afya, alinisemea pole-pole sawa muntu anatangaza kilio. Kijana ya ndevu kidogo, masque inamufunika mpaka karibu na macho. Nilimuambia: mwana, miye nilimeza moshi na vumbi ya chuma mu atelier ya train tangu ujana, hako kadudu kataniweza wapi? Hakucheka.

Alinionyesha affiche ku ukuta. Dawa kila siku mbele ya muntu. Kufunika kinywa. Madirisha wazi. Kisha: Papa, unalalaka na nani? — Na muke yangu. — Naye anakohoa? — Kidogo. — Iko na miaka ngapi? — Tatu.

Alitoa macho. Nikamuelezea: Abigaïl, mutoto ya mutoto yangu. Nkambo anaitaka mujukuu yake muke, hapa kila muntu anajua. Tena tunapiganiaka blanketi, muke kabisa!

Nilifikiri sasa atacheka. Alisema: Papa, ule mutoto umulete. Bale ba chini ya miaka tano njo tunaogopea.

Nikarudi na miguu mpaka nyumbani, hapa Kasungami. Ugonjwa haikuniuma. Ile "kidogo" njo iliniuma. Niliisema sawa muchezo.

Kazi mbili, 3/6

Nyumba imejua. Guelor, mutoto yangu, anafanyaka taxi ya pikipiki. Alisikia, akatoka kuosha pikipiki. Nayo ilikuwa safi.

Delphine, muke yake, amenitengea sahani. Ya bulu. Na kikombe, na kijiko. Inaoshwa peke yake na maji ya moto, inawekwa pembeni sawa iko na shetani. Muntu haigusi.

Lakini Delphine haongeaki na miye uso kwa uso. Buko — baba ya bwana yako haumuangalie, haumupe neno mu mukono. Tangu ndoa yao anatafutaka kinywa ingine ya kupitishia maneno, na tangu Abigaïl alijua kuongea, kinywa njo ile. "Abigaïl, ambia nkambo bukari iko tayari." Miye niko palepale, nimesikia, lakini nangoja niambiwe. Tunachekaka na mutoto.

Basi leo: ile sahani ya kutogusa, nani aliileta? Abigaïl. Mikono mbili, ulimi inje, bukari inainama. Akaikala pa magoti yangu mpaka nikamaliza.

Kazi ine, 5/6

Baridi ya kukata masikio. Adrien anasema sahani haina kosa, kosa iko mu pumzi, mufungue nyumba. Tufungue nini? Dirisha ya salon Guelor aliiziba na matofali, ile mwaka banyang'anyi baliingia kwa jirani. Na miye nalala mu salon.

Nikasema: basi nitalala mu jikoni ya inje. Guelor alikataa. "Bantu batasema nini, Papa? Mutoto mwanaume anatupa baba yake mu moshi. Kesho batasema tumekufukuza juu uko mulozi." Nikamuambia: kama ningekuwa mulozi, ningeanza na ule jirani na radio yake. — "Papa, usicheze."

Abigaïl sasa analala na bazazi yake. Lakini jua ikitoka tu, iko pa kitanda yangu na kikombe ya maji. "Mama anauliza, nkambo alilala?" Na kikohozi yake, kavu, kadogo, sawa ya kuku.

Siku ya posho, 7/6

Nimeharibu.

Asubui nilienda mpaka pa mbabula, jiko ya makala, nikasimama mbele ya Delphine, nikamuita jina. Usimutume tena mutoto kwangu, nikasema. Acha sahani chini pa mulango, nitaikamata. Alipiga magoti, akageuza uso, kisha akakimbia mu chumba. Mwiko ikabaki mu chungu.

Guelor alikasirika. Ati nimemufanyia muke yake haya, atasema nini kwao? Miaka yote hii anakuheshimu, Papa. Kweli. Mukwe mwenye adabu kumupita Delphine, hakuna.

Mangaribi mulango ikafunguka. Abigaïl. "Nkambo, mama anaomba musamaha." Akanikumbatia shingo, sawa balimufundisha. Nilizuia pumzi. Muzee muzima nimezuia pumzi mpaka naona nyota. Kisha kikohozi ikanishinda, na yeye alikuwa palepale, shavu yake pa shavu yangu.

Kazi tatu, 11/6

Abigaïl amepimwa. Tangu mvua, kilo haijasonga. Adrien anasema mutoto hajui kutema makohozi, anameza, basi inafaa picha ya kifua. Guelor alimubeba na pikipiki mpaka katikati ya muji, bakarudi na picha. Adrien aliinua pa mwangaza, akaangalia sana. Upande mumoja kuna kivuli.

Ni TB. Kwa batoto inaponaka muzuri, anasema, dawa yao inayeyuka mu maji, hata iko tamu. Nikauliza: iko wapi? — Ya bakubwa iko. Ya batoto imeisha. — Nikate yangu nimupe nusu? — Hapana, Papa. Hiyo usijaribu hata kidogo. Ya batoto itakuya.

Itakuya. Shiye ba train njo tulikuwa tunasema vile.

Siku ya yenga, 15/6

Mama Mwaba amefika, mama ya Delphine, toka Kasenga, na furushi ya samaki ya kukauka. Ule hapitishe maneno mu kinywa ya muntu. Tulikuwa tumekaa, akasema na Guelor, miye niko mbele yake: "Mu hii nyumba muzee anakohoa, anakula muzuri. Mutoto anakohoa, anakonda. Nani anakula nani?"

Nikafungua kinywa: Mama, angalia, meno imebaki ine. Nitakula muntu na nini?

Hakuna aliyecheka. Guelor aliangalia chini. Nilingoja aangalie juu. Hakuangalia.

Mama Mwaba anataka kumupeleka mutoto Kasenga, apate hewa ya muto Luapula, bamuombee. Nikasema: amubebe, hata nitamushukuru, mutoto awe mbali na kifua yangu. Lakini dawa? — Dawa gani? Nionyeshe. 

Kazi mbili, 17/6

Beko mu njia, Mama Mwaba na mutoto. Abigaïl juu ya camion, katikati ya magunia, kofia ya baba yake inamufunika macho. Nilisimama mbali, sawa Adrien anavyotaka, nikapiga kelele: muke yangu ananiacha! Akanitolea ulimi.

Leo Delphine aliweka sahani chini pa mulango. Sikula.

Kazi ine, 19/6

Adrien amekuya mwenyewe, na jasho, dawa ya batoto mu mufuko. Ameitafuta santé kwa santé. "Mutoto iko wapi?" Nikamuambia: iko Kasenga. Simu ya Mama Mwaba inalia tu, hapokei.

Akamufundisha Delphine: comprimé mu maji kidogo, ingoje iyeyuke, anywe yote, kila siku, hata akinenepa usiache. Muntu asiyefundishwa asimupe, ataiacha mu njia. Nikasema nitaipeleka miye. Akanikaripia — camion ya kujaa bantu, na hii kifua? Ao unataka kubagawia?

Mangaribi Delphine alisimama pa mulango, mugongo kwangu. Mutoto ya kutuma hakuna. Akasema na ukuta: "Papa, nitaenda miye. Kesho asubui." Miye pia nikajibu ukuta: enda, mwana.

Siku ya posho, 21/6

Delphine amepiga simu. Iko Kasenga, pa muto, upepo inakula maneno. Mama yake alimuvusha Abigaïl jana, ng'ambo, Zambia, kwa mama mumoja wa maombi. Yeye Delphine bamemurudisha pa mupaka, hana karatasi. Mama yake banamujua pale, yeye hapana.

Kuna mwanaume wa bwato, anavusha samaki. Anasema ile nyumba ya maombi anaijua, dawa atafikisha. Delphine hamujui ule mwanaume. Bantu batokao ng'ambo banasema mutoto hakamate chakula tena.

"Nimupe, Papa? Ao ningoje mama? Sema. Anasukuma bwato."

Miye, muntu ya maneno mingi. Nikasema: mupe. Kisha nikawaza ile dawa mu mikono ya bantu hakuna aliyebaonyesha, labda bataimwaga, labda bataiombea tu. Nikasema: hapana, ngoja, usimupe. Kisha nikasema Delphine, sikia —

Laini ilikuwa imekatika. Napiga, haipiti. Napiga tena. Sijui alisikia neno gani.