Mkufu wa Kahawa

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Hamugembe hatujambo. Babu yako anapalilia migomba huku akilalamika. Umeniuliza niliwezaje kutunga shanga na kulea watoto. Kuna siku sikuweza.

Nilikuwa namtungia bibi harusi mkufu wa punje za kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni. Harusi ilikuwa kesho yake. Shangazi yangu kutoka Muleba akapiga hodi, akaingia, nikamwitikia bila kuinua kichwa. Mama yako, mtoto wa miaka minne, akakata uzi wa mkufu, akampelekea punje kwenye kisahani. Shangazi akatafuna, matundu ya sindano kwenye punje akayaona.

Nikafoka. Mama yako akanijibu, "Mgeni hajapewa kahawa."

Mkufu niliutunga upya, ukatoka mfupi kidogo. Tangu hapo nikisikia hodi, sindano naiweka chini kwanza.

Bibi yako