Indiketa ya Kushoto

3 Februari

Kifungua mimba wangu,

Hujambo? Mgongo umepona, au kile kiti cha lori bado kinakutesa? Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Nakuandikia kwa sababu niliapa sitakupigia simu ukiwa kwenye usukani, na wewe uko kwenye usukani siku zote. Msichana wa ofisini kwenu amesema atakuwekea barua zangu mpaka upite.

Mwanangu, mama yako anakuwa dereva! Usicheke. Kliniki ya figo imepata gari jeupe la abiria, na inatafuta madereva wa kujitolea wa kuwapeleka wagonjwa kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Nimeandikisha jina. Kwenye foleni nilikuwa mwanamke peke yangu, na mkubwa kuliko wote. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, umemleta nani?" Nikamwambia nimejileta mwenyewe, asogee.

Unamkumbuka Mwalimu Mkuu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta? Figo zake zimegoma. Mara tatu kwa wiki anakwenda kliniki kwa pikipiki, na kurudi ni hiyohiyo pikipiki, hana nguvu hata ya kujishikilia. Mwenye pikipiki anamfunga na shuka kiunoni asidondoke. Juzi aliniambia amechoka, mwisho wa Machi anaacha kwenda. Kuacha maana yake unaijua. Nikamwambia, "Mwalimu, nisubiri." Basi ananisubiri.

Lakini funguo hawakupi hivihivi. Kwanza wiki tatu za mafunzo ya udereva wa kujihami, halafu mtihani. Ukifeli mara mbili, jina linafutwa. Mimi niogope nini, niliyefundishwa na wewe likizo nzima ile?

Mama yako


14 Februari

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, mgongo ndio huohuo. Barua yako nimeisoma kwa sauti pale ofisini, hadi fundi wa matairi akaacha kazi akaja kusikiliza. Wote wanakusalimu, na kuanzia leo jina lako huku ni Mama Gia.

Hayo mafunzo yasikutishe. Wewe fanya kama nilivyokuonyesha. Tena kwenye vilima usiwe mchoyo. Mtu akikuganda nyuma na wewe unaona mbele kuko wazi, mwashie indiketa ya kushoto, maana yake pita. Ukiona gari linakuja, mwashie ya kulia, maana yake baki. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana sisi wa safari ndefu. Wakufunzi wakiona hilo watajua wamepata dereva, si mwanafunzi.

Nyumbani sijui lini nitafika. Niko mbali, kazi imenibana.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na umekula vizuri, maana nataka kukukosesha raha. Nimefeli! Na nimefeli kwa ajili yako!

Ngoja nikueleze. Mtihani wao unaendesha huku unasema kwa sauti kila unachokiona na unachokiogopa. Mkufunzi, dada wa rika lako asiyecheka ovyo, amekaa kando yako na karatasi. Nilikuwa naenda vizuri, jamani! "Naona basi limesimama, naona miguu chini yake, kuna mtu atachomoza, napunguza. Naona dada yuko kwenye simu, anakuja barabarani, haniangalii, naondoa mguu kwenye mafuta. Naona bwana kavaa shati zuri." Mkufunzi akasema hilo la shati si lazima. Lakini tiki alikuwa anaweka, tiki, tiki, tiki!

Tukafika kilima cha kiwanda cha matofali. Nyuma kuna kigari kinahangaika kutaka kupita. Nikatazama mbele, kweupe. Nikawasha indiketa ya kushoto, nikasema kwa maringo, "Namruhusu apite."

Mkufunzi akaniambia nisimame pembeni. "Mama, yule breki zake nzima?" Sijui. "Gari lake lina nguvu ya kukupita kabla ya kona?" Sijui. "Ile njia inayoingia barabarani upande wa kulia, umeiona?" Mwanangu, sikuwa nimeiona hata njia yenyewe. Akasema, "Wewe unajua safari yako. Ya kwake huijui. Ukimwambia pita, anaacha kutazama, anakuamini wewe." Akakunja karatasi yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtihani wa pili ni tarehe ishirini, na ndio wa mwisho. Jioni Mwalimu Mkuu akaniuliza kupitia dirishani, "Vipi?" Nikamwambia bado. Akasema yeye amewahi kurudisha watu darasa moja mara tatu na wakawa watu wa maana. Alikuwa anatania, lakini miguu yake imevimba, viatu havimwingii. Niliingia ndani nikalia.

Na wewe, nakuomba, acha mtindo huo wa indiketa.

Mama yako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa mtihani. Nimeumia, sikufichi.

Lakini huyo Mkufunzi wako amewahi kulala kwenye lori hata siku moja? Mimi nina miaka kumi na sita barabarani na sijakanyaga hata kuku. Sisi tunakaa juu, tunaona mbali kuliko wenye vigari. Niliowapitisha kwa indiketa hawana idadi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilalamikia. Wewe fuata anavyotaka ili ufaulu. Ila kazi yangu naomba usinifundishe, mama, samahani kusema hivyo.

Msalimie Mwalimu Mkuu, mwambie avumilie kidogo.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu wee,

Marahaba, marahaba! Umekasirika? Kasirika ukimaliza kusoma. Nimefaulu! Nimefaulu, nimefaulu! Mkufunzi mwenyewe alinipa mkono, na mara hii alicheka, nina mashahidi. Nina kitambulisho chenye picha, nimetoa macho kama mtu aliyeshtuliwa, lakini ni changu.

Safari ya kwanza ilikuwa Alhamisi, juzi. Wagonjwa watano. Mwalimu Mkuu alikaa mbele kavaa tai, nikamuuliza anakwenda harusini au kliniki. Nikawakagua mikanda yote mmoja mmoja, nikatoka.

Sasa sikia. Kwenye kilima kirefu cha machimbo tukakuta lori la buluu linajikokota. Likawasha indiketa ya kushoto. Nikabaki. Likazima, likawasha tena. Nikabaki. Dereva akatoa mkono dirishani, anapunga, pita, pita! Nyuma yangu honi. Mgonjwa mmoja, fundi viatu, akaniambia, "Mama, mwenzio kakuruhusu, sisi tunachelewa!" Nami nikasema kwa sauti, kama kwenye mtihani, "Naona lori. Ng'ambo ya lori sioni. Nabaki."

Sijui zilipita sekunde ngapi, nne, tano. Trekta lenye tela la mawe likachomoza kutoka njia ya machimbo, likaja moja kwa moja upande ule ambao ningekuwa napitia. Lori likapiga honi ndefu. Fundi viatu akakaza mkanda wake. Mwalimu Mkuu akalegeza tai yake, akasema, "Endelea, mama, endelea hivyohivyo."

Ningepita tungekwisha wote sita. Na yule mpuuzi wa lori hata hakusimama kuomba radhi! Nikimpata nitamvuta masikio mpaka yafike mabegani. Lakini nimewafikisha, mwanangu, na nimewarudisha. Mwalimu Mkuu haachi tena matibabu. Ratiba ya zamu zangu ameibandika kwenye mlango wake.

Mama yako, DEREVA


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Afya yako, usingizi, chakula, vyote nakuuliza, na naomba unijibu kwa kweli. Barua yako nimeikuta jana. Sikuisoma kwa sauti.

Alhamisi ile asubuhi nilikuwa kwenye kilima cha machimbo. Lori la buluu nimekabidhiwa mwezi uliopita, hulijui. Mama, yule mpuuzi ni mimi.

Nilikuwa napita karibu na nyumbani bila kuingia, na sikutaka ujue. Kwenye kioo niliona gari jeupe, dereva kavaa kofia. Sikujua kama umeshafaulu. Nikamwashia, nikampungia, hasogei. Nikamtukana. Nilikutukana, mama, tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Trekta lilipotokea sikuwa na la kufanya ila kubana honi na kumngoja huyo mtu afe. Nikatazama kwenye kioo, gari jeupe bado liko nyuma yangu. Nilikwenda kilomita kumi ndipo nikasimama. Hakuna niliyemweleza.

Leo nimechana barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukupongeza tu. Nikaona nikituma ile, sitaweza tena kukutazama usoni.

Uko hai! Nimeandika hivyo nimesoma mara tatu. Uko hai, na una kitambulisho, na tangu jana nafanya mambo kama mtu aliyepandwa na kichaa. Nimemwambia meneja ukweli wote na nimeomba siku kumi. Nimepata namba ya Mkufunzi wako kule kliniki, nimempigia, nimeomba nafasi kwenye kozi ya Jumatatu. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfelisha mama yangu. Akasema nije na kalamu. Fundi wa matairi naye anataka kuja, na hata gari hana!

Masikio yangu ni haki yako, utayavuta ukiniona.

Jumamosi asubuhi nitakuwa kwenye lango la kliniki, nimekuja kwa basi. Ukishawashusha wagonjwa, kama wakubwa wako watakubali, nipe kiti kimoja cha nyuma mpaka nyumbani. Nitafunga mkanda, na mpaka uzime injini sitakuambia pita wala baki.

Mwanao