Tumbawe la Marehemu Faki

Bariadi,
Machi 1999

Shemeji yangu Muksini,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Tanga, na mama miguu imempa nafuu. Mimi nipo, afya ninayo, moyo ndio bado mzito. Eda inaelekea ukingoni, na barua yako ya kuja kunichukua, mimi na tangi la kioo la marehemu, imenifikia.

Umeuliza hali ya tumbawe ulilompa Faki alipohamia huku, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Shemeji, lilikuwa limegeuka jeupe kama mfupa. Unamjua kaka yako, alilipenda hata nikamwambia amenioa mimi mke wa pili. Alinifundisha kwamba tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa. Limefukuza tu wapangaji wake, vijimea vidogo vinavyolipa rangi na chakula. Likitunzwa, hurudi.

Basi nimelihangaikia. Eda imenifungia ndani, ningekwenda wapi? Nimefunika tangi kwa kanga ili mwanga usilichome. Bati likipata moto naweka chupa za barafu zielee majini. Chumvi yake maalumu naiongeza kidogo kidogo, maana ikipanda ghafla nitaliua kabisa. Jirani yangu Milembe huniletea dagaa wa ziwani, wa Kalemela. Nawaponda, nawachuja, kisha nalidondoshea maji yake. Milembe anashangaa jiwe linalokula. Kila asubuhi akishanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, huenda kulitazama kwanza kabla hajaniuliza nimeamkaje.

Wiki hii upande mmoja umeanza kurudisha rangi, hudhurungi ya mbali sana. Nililia, Shemeji. Faki hakupata nafuu hata ya siku moja.

Najua utataka kumjua aliyeliharibu. Nitakwambia, lakini libaki kifuani mwako. Faki alikuwa ametoa nusu ya maji ili ayabadilishe, homa ikamwangusha kabla hajachanganya mengine. Siku ya msiba, Milembe na wenzake wa kanisani wakaenda kisimani. Huku, kwenye nyumba yenye msiba hakiachwi chombo kitupu, mfiwa asije akainua ndoo. Wakajaza mitungi, wakajaza mapipa na masufuria. Tangi nalo walilikuta limepungua, wakalijaza mpaka juu kwa maji ya kisima, yasiyo na chembe ya chumvi. Hawajui hadi leo. Nimemwambia Milembe kwamba kilicholiharibu ni umeme unaokatikakatika.

Nilipogundua, niliwachukia. Baadaye nikawaza: waliolala nami sakafuni ni wao, na waliochimba kaburi ni waume zao. Ninyi ndugu mlifika ameshazikwa. Silaumu, mvua ilikuwa imekata barabara. Lakini nilipopiga kelele, aliyenishika alikuwa Milembe.

Sasa nikwambie nililoshindwa kukuandikia katika barua yangu ya kwanza. Njoo, Shemeji, karibu sana, ila njoo kuchukua tumbawe peke yake. Lirudishe kwenye bahari yenu, huku litateseka tena. Mimi sirudi Tanga. Mume wangu amelala Bariadi, nami nitakaa alipo.

Mpe mama pole, umweleze taratibu, usimsomee barua hii yote. Wabusu watoto. Milembe anakusalimu, anasema ukija utakula kwake.

Ni mimi shemeji yako,
Muzdalifa