Kwa Malachie Kapenda, na Mpiko Wake wa Kanisani

Ni mwaka mmoja sasa, baba yetu Malachie Kapenda, tangu uweke randa chini na kutuachia nyumba iliyojaa vumbi la mbao na viti ambavyo wewe mwenyewe hukuwahi kuvikalia. Seremala gani huyu asiyekaa? Watu wa Kamina walikutania hivyo, nawe ulicheka, ukaendelea kusimama.

Ulikula bukari, ugali wetu, umesimama. Misani tulipopiga magoti, wewe uliinamisha kichwa tu. Mkeo Bilonda alikusihi miaka nenda miaka rudi: "Baba Amédée, kaa basi, bukari inapoa." Ukamjibu, "Minyi sijaambiwa kukaa." Wageni walidhani ni mzaha. Sisi wa nyumbani tulijua, na ilituuma.

Katika vita vya kwanza vya Wazungu ulikuwa kijana, mpagazi kwenye njia ya Tabora, ukibeba sanduku la risasi kwa mpiko, ule mti wa begani wa watu wawili, pamoja na Kitwa, mtu wa Kinkondja. Yeye mbele, wewe nyuma. Sheria yenu ilikuwa moja: wa nyuma haoni njia, kwa hiyo hashushi mzigo mpaka wa mbele aseme "Tula," yaani tua, kwa Kiluba chetu. Asubuhi moja ya mvua Kitwa alianguka, hakuinuka tena, na hakusema neno. Ulisimama vilevile, mti begani, hadi askari walipokuja kuondoa sanduku. Mti hukuutoa. Ulirudi nao kwetu, na kamba ya Kitwa ingali imefungwa upande wake.

Vita vya pili vilipokwisha, mapadri walitaka kanisa letu dogo liwe na ukumbusho wa waliopotea. Ulitengeneza kila kitu kwa mikono yako: vinara viwili vya mbao ya mulombwa, ubao wenye majina kumi na moja ya wapagazi, na benchi la kupigia magoti. Boriti ya juu ya benchi, ile watu wanayoshika wakisali, ndiyo mpiko wenyewe. Uliupaka nta kuanzia nyuma hadi katikati, ukaishia hapo. Aliyegusa kamba ya mbele alikuona ukimjia.

"Hii upande haiko yangu," ulisema. "Iko ya bantu ya kwao Kitwa. Bakuye bashike kwanza, njo itaisha." Yaani ndugu zake waje waushike, ndipo umalize kuupaka nta.

Mara tatu ulikwenda Kinkondja, kwa baiskeli kisha kwa mtumbwi. Ulimuuliza chifu, ukawauliza wavuvi, ukawauliza makatekista. Ukoo ulikuwa umehama zamani, hakuna aliyejua wapi. Ulirudi miguu imevimba, na bado hukukaa. Hata siku yako ya mwisho kitandani ulimwambia Bilonda, "Mama, ile upande ya mbele..." Hukumaliza.

Kumbe kutotulia nako hurithiwa. Mwaka huu mzima mkeo amekuwa akianza kufagia, anaacha. Anabandika sufuria, anasahau maji. Kila Jumamosi alikwenda kanisani kufuta benchi lako, akitazama ile kamba kama mtu anayedaiwa jibu.

Mwezi uliopita Padri mpya, mtu mwema lakini adui wa vumbi, alilisogeza benchi hadi mlangoni. Alisema kamba ile inafuga mende, iondolewe kabla ya misa ya marehemu wote. Akampa Bilonda kisu. Bilonda akakirudisha. "Mon père, niache nifungue na mikono. Kukata, hapana."

Jumamosi tatu alihangaika na kifundo kile. Kinazunguka mara mbili, kinapita chini, halafu ncha inarudi ndani kujificha. Kucha zilimvunjika. Kifundo hakikufunguka, lakini vidole vyake vikajifunza njia yote.

Alhamisi iliyofuata alikwenda soko la stesheni kununua samaki wakavu kwa Kyabu, mama wa Bukama anayekuja na treni. Amenunua kwake miaka mitano. Alishika fungu, akataka kukata kamba kama siku zote, vidole vikagoma. Vilizunguka mara mbili, vikapita chini, vikaikuta ncha imejificha ndani.

"Mama Kyabu, nani alikufundisha kufunga ivi?"

"Baba yetu. Ni sisi batoto yake tu banajua. Minyi na yaya yangu, kaka yetu mukubwa. Lakini yaya alienda na vita ya Tabora, hakurudiaka."

"Jina yake?"

"Kitwa. Weye unalilia nini, mama? Samaki iko muzuri."

Bilonda alimweleza palepale. Kyabu akaketi chini, samaki wakamwagika, akalia kama aliyeletewa msiba asubuhi hiyo. Kwake ulikuwa wa asubuhi hiyo.

Miaka minne, baba, ulikula samaki wa dada yake Kitwa! Uliwaona sahanini tu, kamba imeshatupwa motoni. Ulivuka ziwa kuuliza wanaume, na soko lililo nyuma ya karakana yako hukulikanyaga. Bilonda alicheka. Kisha akakasirika, akakukasirikia wewe, akajikasirikia zaidi mwenyewe, maana mikono iliyozitupa zile kamba ni yake.

Jumamosi walikwenda kanisani. Kyabu aliipapasa kamba, akaiita "yaya". Padri alisimama kando, kisu hakukitaja tena. Ilibaki kulirudisha benchi chini ya ubao wa majina. Kyabu akashika mbele, mkeo akashika upande wako.

Bilonda hakuona njia, aliona mgongo wa Kyabu tu. Walifika. Kyabu alisimama akisoma ubao, kimya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia sheria yenu. Bilonda alingoja neno, benchi mikononi. Mwanao Amédée alitaka kumsaidia, mama yake akamtikisia kichwa. Tulimwona anaelemewa, na tukaogopa kwamba ataangusha, au atashusha mwenyewe, na miaka yako yote ya kusimama ipotee bure.

Ndipo Kyabu akageuza uso, akasema kama anavyosema yeyote aliyebeba kitu na mwenzake: "Tula, mama. Tumefika."

Bilonda akatua.

Jumapili Kyabu alipaka nta ile nusu iliyobaki. Kamba ipo palepale, na Padri ameahidi kuifuta vumbi kwa mkono wake.

Sisi tunaokukumbuka: mkeo Bilonda, watoto wako Amédée na Mulanga, wajukuu wako wote, na Kyabu, dada yake Kitwa, aliyetaka aandikwe pamoja na ukoo huu.

Pumzika, baba. Umeambiwa. Daima tutakukumbuka, na kuanzia sasa tutakukumbuka umekaa.